Dawa ya Nyanya

Musyimi alikuwa akisuuzia pampu yake kwenye kisima chetu. Si kando ya kisima, ndani kabisa. Kisima chenyewe ni shimo ambalo sisi wanawake tulilichimba kwenye mchanga wa mto uliokauka. Yeye analima nyanya pale ukingoni, na kila akimaliza kunyunyizia dawa anashuka na pampu mgongoni.

"Baba Kyule, hayo maji tunakunywa," mama yangu alimwambia siku moja.

"Kwani hii ni sumu? Ni dawa!" alijibu akicheka. "Hata minyoo yenu itakufa."

Wanawake wengine walicheka naye. Mimi sikucheka, lakini pia sikusema kitu. Mbele ya watu sauti yangu hukwama. Ilikuwa hivyo hata shuleni, mpaka nikaacha darasa la sita.

Basi asubuhi moja binti yangu Wayua alinitangulia mtoni. Nilipofika nilikuta povu jeupe limeelea kwenye shimo, na Wayua amechutama, kikombe mdomoni. Nilikipokonya, kilikuwa kitupu. Hatujafika nyumbani alianza kutapika. Mate yalimtoka kama ndama, jasho likamlowesha. Nilimfunga mgongoni nikapanda bodaboda hadi zahanati.

Muuguzi alikuwa Wamaitha, mama mmoja mkali aliyetoka Murang'a.

"Amekula nini?"

"Amekunywa dawa, sista."

"Dawa gani?"

"Dawa ya nyanya," nilinong'ona.

Alitupa kalamu mezani. "Nyanya! Kila siku nyanya! Mwambie huyo nyanya yako aache kuchemshia watoto mizizi. Nenda umpe maji ya chumvi na sukari. Anayefuata!"

Watu kwenye benchi waliangua kicheko. Mzee mmoja akasema, "Hawa akina nyanya watatumaliza."

Nilihisi Wayua akilegea mgongoni mwangu. Nilimfikiria Musyimi akicheka pale mtoni, na sasa hawa nao wanacheka. Kitu kilichokuwa kimekwama kooni kikatoka.

"Si nyanya mzaa mama! Nyanya ya sufuria! Nyanya ya shamba! Mtu amemwaga sumu kwenye maji na mtoto wangu ameinywa!"

Wamaitha alimfungua Wayua mgongoni mwangu, akamfunua macho. Mboni zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano.

"Mungu wangu. Mlete huku! Hiyo dawa inaitwaje? Ziko nyingi, na si zote zinatibiwa sawa. Nipe jina, haraka!"

Nilimpigia Musyimi.

"Baba Kyule, dawa yako inaitwaje?"

"Kwani kuna nini?"

"Wayua ameinywa. Anakufa."

Nilisikia watu wakirusha kreti nyuma yake. "Mama Wayua, sikiza," alisema kwa sauti ya chini. "Lori la Emali liko hapa linapakia. Wanunuzi wakisikia maneno kama hayo, nimekwisha. Sema ni maji machafu tu. Jioni nitakuletea kreti moja ya nyanya."

Kreti ya nyanya! Mtoto wangu anakata roho, na yeye ananipa kreti ya nyanya!

"Chukua chupa unisomee," nilipiga kelele, "au ninamleta Wayua hivi alivyo, nimlaze juu ya hizo kreti zako, mwenye lori amwone! Soma!"

Alisoma. Lilikuwa jina refu la kizungu. Alilitaja kipande kwa kipande, nami nikalirudia kwa sauti. Wamaitha alilisikia, akavunja kichupa na kuvuta dawa kwa sindano. Alimdunga, akangoja, akamdunga tena. Mate yalipungua. Baadaye Wayua akalia, kilio kidogo cha hasira, na Wamaitha akaketi sakafuni pale pale.

Simu ilikuwa bado inaongea mkononi mwangu.

"Kwa hivyo tumeelewana, Mama Wayua? Hutanitaja?"

"Musyimi wa nyanya," nilisema, nimegeukia benchi ili kila mtu asikie, "nimeshakutaja."