Mtoto Asiyechorwa

Mwaka ule wa themanini na tatu sabuni hakuna, sukari hakuna, halafu anatokea mtu na Landrova anataka damu ya watoto. Nani asingemshuku? Lukresia alimshuku tangu anafungua mlango wa gari. Daktari Valeriani, Mhaya, mpole kupita kiasi, eti anatafiti magonjwa ya kurithi. Alichoma visigino vya vichanga, akadondoshea damu kwenye karatasi, na kila nyumba ya Endamarariek aliichorea ukoo wake: mraba mwanamume, duara mwanamke, aliyekufa mchanga anapakwa wino mweusi. Mumiani huyo, Lukresia aliwaambia majirani. Mtu na akili zake hahesabu wafu wa wenzake bure.

Ila mtu ambaye Lukresia alimshuku zaidi alikuwa humohumo nyumbani: Hyasinta, mke wa mwanawe Kornelio. Binti yule alishazika wawili, wote wiki ya pili, macho ya manjano, kila wakinyonya wanatapika. Sasa wa tatu, Inosenti, ana siku tisa, na macho yameanza. Lukresia hakubanduka pale mkwewe aliponyonyesha. Kisimani alishawaambia wanawake wenzake kwamba maziwa yale si ya heri, na wanawake wa kisimani unawajua, hawakulala na neno.

Daktari alipofika alichemsha mkojo wa mtoto pamoja na dawa ya buluu ya kupimia sukari. Rangi ikaishia njiani, haikukataa wala haikukubali. Akaeleza taratibu kwamba wapo watoto wasioweza kuisaga sukari ya maziwa, yawe ya mama au ya ng'ombe, ikawageukia sumu. Garini alikuwa na makopo ya unga wa soya. Lakini kumwachisha mtoto ziwa kwa maji ya kisima kile nako kunaua, hawezi kubahatisha, na majibu ya damu kutoka Dar ni wiki tatu. Ugonjwa wenyewe hautoki kwa mzazi mmoja, lazima utoke pande zote mbili. Kwa kina Hyasinta alishaandika mmoja aliyekufa hivyo.

"Na upande wa Kornelio, mama? Yupo aliyekufa hivi?"

"Hakuna," alisema Lukresia. "Kwetu hawafi hivyo."

Jamani, uongo ukikaa sana huwa kama kiungo cha mwili. Kabla ya Kornelio alimzaa mwingine. Mume akiwa kibaruani kwenye mashamba ya Oldeani, mimba haijaonekana, Lukresia alikwenda Mbulu kumuuguza dada yake Bibiana, akajifungulia hukohuko. Mtoto akafa huko siku ya kumi na mbili. Kwa Wairaqw wa enzi zile aliyefiwa na kichanga alitengwa miezi na miezi, kibanda chake, chungu chake, haguswi, hakanyagi kwa jirani, na akikiuka, balaa ni la nchi nzima. Lukresia alirudi na kikapu cha maharage, akanyamaza. Mwaka uliofuata ukame ukamaliza ng'ombe, na hapo ndipo alipofunga mdomo kabisa. Angesema, wangemwekea kila mzoga mlangoni.

Daktari akafunga kalamu. Majirani waliokuja kushangaa gari wakaanza kuinuka. Hyasinta akampa mtoto ziwa, mtoto akatapika, akageuza uso, na Lukresia akayaona yale macho. Aliyajua. Mficha maradhi kifo humuumbua, ila safari hii angekufa asiye na kosa.

"Daktari," alisema, "chora mwingine. Mraba. Upake wino."

Akawaeleza yote, mbele ya watu. Kornelio aliinamisha kichwa. Majirani walisogea, kila mtu akavuta kigoda chake mbali na cha Lukresia. Hyasinta alimtoa mtoto kwenye ziwa, akafunga vifungo vya blauzi.

Siku hiyohiyo Lukresia alichukua chungu na kigoda, akahamia kibanda cha ndama. Hakuna aliyemtuma. Chakula kiliwekwa mlangoni, aliyekileta akaondoka bila kubisha. Alisikia kwa mbali kwamba mtoto kaacha kutapika, kwamba macho yanasafika, na alilia peke yake, kwa furaha na kwa aibu.

Siku ya kumi na tano Hyasinta aliingia ndani kabisa, akamweka Inosenti mapajani mwa Lukresia, na kikombe cha soya pembeni.

"Miaka mitatu uliniangalia kama mchawi," alisema. "Sijakusamehe, mama. Kijiko hiki hapa. Mnyweshe polepole."