Mazutu ya Ambulensi

Saa saba mchana Shadia alikuwa tayari amevaa shati jeupe la orkesta, lakini bado ameinama kitandani anampima njia Jovita, aliyekuwa na uchungu wa uzazi. Sentimita saba. Zile zile za asubuhi.

"Nenda kapige fidla yako, dada," alisema Generoza, muuguzi mwenzake. "Akikwama, nampeleka hospitali Rumonge. Ambulensi iko, mazutu iko."

Mazutu, dizeli ya ambulensi, ilikuwepo kweli. Shadia aliipima mwenyewe. Tangu mafuta yaadimike, wauguzi wa kituo hicho cha Kigwena walibandika plasta kila asubuhi kwenye ubavu wa bidoni, dumu la stoo, pale mazutu ilipofika, wakaandika tarehe, ili mwizi ajulikane. Siku hiyo zilikuwa lita kumi na mbili.

Ufukweni, vichanja vipya vya kuanikia ndagala vilimngoja mkubwa kutoka Bujumbura aje kuvifungua. Jenereta ilikuwa inanguruma, spika zimesimamishwa kwenye mchanga. Bernardo, kiongozi wa orkesta, alimpokea Shadia kwa mikono miwili. Ndiye aliyemfundisha fidla kambini Tanzania, walipokuwa wakimbizi, akimgongea mapigo kwenye sufuria. Mpaka leo alimwita binti yangu.

Walikuwa wamemaliza wimbo wa pili Nestori, dereva wa ambulensi, alipokuja mbio, kandambili mkononi.

"Shadia! Mapigo ya mutoto yanashuka. Na bidoni haiko stoo!"

Shadia aligeuka. Nyuma ya jenereta palikuwa na bidoni ya njano, tupu. Plasta ilikuwa bado ubavuni, na mwandiko ulikuwa wake.

"Mzee Bernardo, hii imefikaje hapa?"

"Titileri wenu kaileta."

"Ulijua ni ya ambulensi?"

Bernardo alikaza uzi wa gitaa, akaulegeza. "Nilijua. Ningekwambia, usingekuja. Na bila fidla yako tungepiga nini mbele ya mukubwa?"

Titileri, mkuu wa kituo, alikuwa ameketi karibu na mgeni. Akaja, bado anatabasamu.

"Kuna nini?"

"Jovita anatakiwa kupasuliwa, shefu. Mazutu yetu iko ndani ya jenereta."

"Nyimbo mbili tu. Mukubwa akiondoka, mtachukua."

"Mutoto hawezi kungoja nyimbo mbili."

"Usiniaibishe. Hapa uko mupiga fidla, si muuguzi. Rudi kwenye kiti."

Shadia alimtazama Bernardo. Alingoja aseme neno, hata moja.

"Nyimbo mbili, binti yangu," alisema Bernardo.

Shadia akaiweka fidla kwenye kiti. Akainama, akazima jenereta. Sauti ya mgeni, aliyekuwa ameanza kuhutubia, ikakatika katikati ya neno maendeleo.

"Eeh, muganga kaua muziki!" mtu alipiga kelele, watu wakacheka.

Nestori alivuta mazutu kwa mpira, akatema, akavuta tena mpaka ikaanza kutiririka kwenye bidoni. Lita tano hivi. Titileri alikuwa amesimama juu yao, anasema kwa sauti ya chini ili mgeni asisikie.

"Kesho saa mbili, barua ya maelezo mezani kwangu. Na uandike pia nani alikuruhusu kuacha kazi uje kucheza muziki."

"Ni wewe uliniruhusu, shefu."

"Nitakumbuka hivyo?"

Bernardo alikuwa anasikia. Alikuwa hapo siku ile ruhusa inatolewa. Aliokota nyaya za spika, akaanza kuzikunja.

Baada ya nusu saa ambulensi ilipita kando ya ufuko ule ule, inakwenda Rumonge. Jovita alikuwa amelala ubavu, ameng'ata kitenge. Shadia alikuwa amepiga magoti, sikio kwenye pembe ya kusikilizia, macho kwenye saa, anahesabu. Tisini na nne. Tisini.

Nje, orkesta ilikuwa inapiga bila umeme. Gitaa, ngoma, sauti ya Bernardo, watu wanapiga makofi. Mgeni alikuwa amevua koti, anacheza. Kila kitu kilisikika mpaka barabarani.

"Funga dirisha, Nestori," alisema Shadia. "Simsikii mtoto."