Udongo wa Kopo la Kahawa

Jumatatu asubuhi, wiki ya pili ya mwezi wa tatu, Drieka Beukes alitandika gazeti juu ya meza ya jikoni ili aupande upya mmea wake. Meza ilikuwa na mguu mmoja mfupi uliowekewa kigae, kwa hiyo alikaa upande ule mwingine, kopo lisije likateleza. Lilikuwa kopo la bati, la kahawa, limetobolewa matundu matano kitakoni kwa msumari. Mmea wenyewe haukuzidi kidole gumba: majani mawili manene yaliyobanana, rangi ya jivu, na mfereji katikati. Watu wa Namakwa, nchi kavu ya kusini kabisa mwa Afrika, huuita matako ya mtoto, na ukiuona hutauliza kwa nini.

Alikuwa hajaumwagilia kwa wiki mbili. Ndivyo mama yake alivyomfundisha: udongo ukikauka, mzizi huachia wenyewe. Kila mwaka wa tatu, joto likianza kulegea na mvua za baridi bado hazijaja, mama aligonga kitako cha kopo mara tatu kwa kiganja, akaupokea mmea kwa vidole viwili, akaupukuta udongo na kukata mizizi iliyokufa. Kisha akaupanda upya kwenye udongo ule ule, ukiongezewa changarawe nyeupe, na asiuguse kwa maji hadi siku ya kumi na nne, majeraha ya mizizi yakauke. Mama huyo ndiye aliyeubeba mmea pamoja na udongo wake ndani ya aproni yake siku lori la serikali lilipowahamisha kwa nguvu kutoka kijiji chao cha Garisab, Drieka akiwa na miaka sita.

Drieka akagonga mara tatu. Mmea ukatoka, na udongo ukafuata. Gazeti likajaa. Akavuta sahani, ikajaa. Akavuta karai, na udongo bado unashuka kutoka kopo lile lile, mwekundu, taratibu, kama unga unaopimwa na mwenye duka asiye na haraka.

"Wifi!" aliita dirishani. "Niletee lile beseni lako la kuogeshea watoto."

Lisbet, dada wa marehemu mume wake, aliishi nyumba ya pili. Alikuja na beseni kwapani na kipande cha mkate wa makaa mdomoni.

"Unapanda mmea au unachimba kaburi?"

"Udongo hauishi, wifi."

"Kwenu hakuna kinachoisha. Hata maneno."

Waliumimina wote kwenye beseni. Ulipofika ukingoni ukakoma, kopo likawa tupu, safi hata kutu yake ikaonekana. Udongo ukajipanga: upande mmoja ukainuka kilima, upande wa pili ukabonyea korongo. Lisbet alifuta miwani kwa upindo wa gauni, akainama.

"Hapa pana nyumba," alisema.

Zilikuwa nyumba nne za mikeka, za duara, kila moja saizi ya kastabini ya fundi cherehani. Palikuwa na zizi la miiba na mbuzi kama punje za ufuta. Chini ya kilima palikuwa na chemchemi, maji yake yakimetameta kama jicho la kuku. Moshi ulipanda kutoka nyumba ya pili, mwembamba kuliko uzi.

"Garisab," alisema Drieka.

"Naona. Na yule anayefagia ni mama yako. Bado anafagia kama mwenye ugomvi."

Lisbet alizaliwa nyumba ya tatu, akaitazama kwanza hiyo, akaridhika kwamba mlango ulikuwa umefungwa vizuri. Drieka akaleta kioo cha kukuzia, kile cha kusomea Biblia. Kwa miaka mingi alikuwa na maswali ambayo hakupata wa kumuuliza. Alitaka kujua nyuma ya kilima kulikuwa na nini, kwa kuwa hawakuruhusiwa kwenda. Kulikuwa na kilima kingine. Alitaka kujua mama yake alikwenda wapi kila alasiri peke yake. Alikwenda kukaa juu ya jiwe. Zaidi ya yote alitaka kujua kama yeye mwenyewe yumo. Alizungusha kioo polepole, mpaka nyuma ya zizi akamkuta msichana wa miaka sita amechuchumaa, analamba chumvi ya mbuzi.

"Kumbe ni wewe!" Lisbet alisema. "Mimi ndiye niliyechapwa kwa ajili ya chumvi ile, Drieka. Mara mbili!"

"Pole, wifi."

"Pole ya miaka sitini."

Kwao, mtu akifika kwenye maji aliyoyaacha siku nyingi, huchota udongo kidogo, akautupa ndani na kutaja jina lake, ili maji yamjue. Drieka hakufikiri mara mbili. Alibana udongo kwa vidole viwili, akaudondosha kwenye chemchemi, akasema, "Ni mimi, Drieka, mtoto wa Magrieta." Udongo wa vidole viwili ukaifukia chemchemi yote.

"Umewazibia maji!" Lisbet alipiga makofi. "Mgeni gani huyu!"

Watu wakatoka na majembe. Walichimba hadi saa sita, bila kulalamika sana. Mama yake hakuinua uso, ila alitikisa kichwa vile alivyokitikisa zamani kila mtu alipomwaga maziwa.

Drieka akaupanda mmea juu ya kilima, mbali na nyumba, akauzungushia changarawe. Kisha akafunika beseni kwa kitambaa cha chai, maana Alhamisi walikuwa na safari.

Alhamisi ilikuwa siku ya kusikilizwa dai lake. Alikuwa ameomba kurudishiwa Garisab miaka mitatu mfululizo, na kila mara jibu lilikuwa moja: hakuna ushahidi kwamba watu waliwahi kuishi pale. Ramani ya mwaka waliohamishwa iliandikwa "malisho matupu". Safari hii mchungaji wa kanisa aliwapeleka kwa gari lake la mizigo, Drieka na Lisbet nyuma, beseni katikati ya magoti yao.

Afisa wa ardhi aliitwa Bi Isaaks, msichana mwenye adabu na mafua. Bwana Visagie, mwenye shamba lililopo sasa pale Garisab, alikaa kando, kofia gotini. Drieka akaondoa kitambaa. Bi Isaaks akainama, akahesabu, akaandika.

"Nyumba nne. Watu kumi na tisa. Bibi, unaweza kunitajia majina?"

Drieka akawataja wote. Alipokwama, Lisbet akamsaidia, na mbuzi wawili wakatajwa pia.

Bwana Visagie naye aliinama kutazama. "Ndiyo hapo," alisema. "Hiyo ndiyo chemchemi yangu. Maji yake matamu mpaka leo. Na hapo penye zizi ndipo nilipojenga banda la kukatia kondoo manyoya."

Hakuna aliyebisha. Drieka akaanza hata kufikiria nyumba ya mikeka inahitaji mikeka mingapi siku hizi.

"Udongo huu umetoka Garisab, bibi?" Bi Isaaks aliuliza. "Wote?"

"Wote, mwanangu. Mama aliubeba kwa aproni."

Bi Isaaks alifunua karatasi, akarudi kurasa za nyuma, akafunua tena. Akapenga kamasi.

"Basi ni sehemu ya shamba. Na shamba, kwa hati, ni la Bwana Visagie tangu babu yake."

"Na hawa watu?"

"Watu nimewaandika, bibi. Wapo. Inaonekana wanaishi kwenye ardhi ya Bwana Visagie bila ruhusa."

"Tangu kabla babu yake hajazaliwa!" Lisbet alifoka.

"Hilo nalo nimeliandika."

Bwana Visagie alisimama, akavaa kofia. "Bibi Drieka akae na beseni lake," alisema kwa upole. "Mimi sitalichukua. Ila mpaka wa shamba ujulikane." Akampa mkono, na Drieka akaupokea, kwa kuwa alilelewa hivyo.

Barua ilifika siku ya kumi na tatu tangu mmea uhamishwe. Lisbet aliisoma kwa sauti pale mezani. Dai limekataliwa, ofisi inamshukuru Bibi Beukes kwa ushahidi wake mzuri.

Kesho yake asubuhi palikuwa na uzio ndani ya beseni. Nguzo zake zilikuwa kama njiti za kiberiti zilizopasuliwa mara nne, waya tatu, kutoka ukingo hadi ukingo, zikipita kati ya nyumba na chemchemi. Palikuwa na kibao kidogo kisichosomeka hata kwa kioo. Mama yake alisimama mbele ya waya na ndoo. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akaanza kuufuata uzio akitafuta lango.

Drieka alichukua kibano cha nyusi, akaibana nguzo moja na kuvuta. Haikutoka. Kilima kizima kiliyumba, na mikeka ya nyumba ya kwanza ikalegea.

"Acha, wifi," Lisbet alisema. "Utawang'oa na wao."

Akaacha. Ilikuwa siku ya kumi na nne, siku ya maji. Mmea wa namna ile hupewa maji kijiko kimoja cha chai, nao hutosheka kwa wiki. Ukipewa zaidi huoza kuanzia chini, na huwezi kujua mpaka mmea umelala chini. Drieka alikitilia kilima kijiko chake. Kisha akachota cha pili, akakidondosha upande wa nyumba, tone baada ya tone.

"Utauozesha," Lisbet alisema.

"Najua."

Watu walitoka na ndoo, sufuria na makopo, wakayapanga uwanjani. Mama yake alirudi kutoka kwenye uzio akitembea haraka, bila kukimbia, akakinga ndoo yake. Upande wa pili wa waya kondoo walikuwa wamekwisha kufika, weupe, wengi, wamejipanga kuizunguka chemchemi, wanakunywa. Drieka akachovya kijiko tena, kwa sababu nyumba zilikuwa nne na mbuzi nao walikuwa bado hawajanywa.