Miswaki Iliyorudi Kulala Gesti

"Dada, hivi hao wageni wenu mbona hawana miguu?" jirani mshona viatu aliwahi kuuliza, uzi ukiwa mdomoni.

Dada mtu alikuwa anafagia baraza la gesti ya kaka yake. Alikuwa mjane, anakaa chumba cha nyuma, hana kwingine. Akajibu kwamba ni miswaki, ile ya plastiki ambayo kaka huwawekea wageni pamoja na kichupa cha shampuu na wembe wa kutupa. Mgeni anapiga mswaki mara moja, asubuhi anaondoka, mswaki unakwenda jalalani. Sasa ilikuwa inarudi. Kila magharibi ilipanga foleni mapokezi, nywele zimelala upande, haina kelele.

"Haya," jirani akasema, akaendelea kushona.

Dada akaifungulia vyumba, maana mgeni ni wa Mungu. Ikapanda vitandani, ikajifunika shuka hadi shingoni. Siku ya tatu, kama walivyosema wahenga, akaipa jembe. Haikuwa na mikono. Akalirudisha stoo.

Shida ni kwamba wageni wenye miguu walikosa pa kulala.

"Acha hivi vya kutupa," dada akamwambia kaka. "Weka sabuni ya mche, shampuu iwe ndoo moja, kila mtu aje na mswaki wake."

"Gesti bila mswaki mpya? Wataniita bahili."

"Nani atakuita? Humu mna miswaki mitupu."

"Na hao ni wageni wangu. Utaratibu wangu haubagui."

Akaagiza boksi jingine. Kila mto ukawekewa mswaki mpya ndani ya plastiki, kwa ajili ya mswaki uliolala hapo. Ile ya zamani ikaitumia hiyo mipya mara moja, kwa adabu, ikaitupa. Jioni yake foleni ilifika kwa mshona viatu, naye akasogeza kigoda ipite.

Kikabaki chumba cha nyuma. Kaka akaja na shuka safi begani. Nyuma yake miswaki kadhaa imesimama, mmoja unasinzia.

"Dada yangu, wewe ni mwenyeji, utanielewa," akasema. Akampa mswaki mpya, wa safari.

Dada akaupokea, akauweka juu ya mto kwa ajili ya anayeingia. Akakunja mkeka wake wa kuswalia, akautia kwapani, akatoka.