Mlolongo wa Bwana Shibe

Siku ile nilichoka roho kuliko mwili. Tangu asubuhi tulikuwa tumejifungia ofisini, sisi viongozi wa Chama cha Jembe, tukibishania kipengele kimoja cha ilani: kile kinachowaahidi wakata mkonge hati za viwanja wanavyoishi ndani ya mashamba ya matajiri. Uchaguzi ulikuwa umetushinda tena na tena, na Mwenyekiti Mwambingu aliamini ni kipengele hicho kinachowatisha wenye mali. "Kifute, Ndugu Katibu," aliniambia. "Tukishaingia serikalini tutakirudisha." Mimi ndiye niliyekiandika, na mama yangu mzazi angali anaishi katika shamba mojawapo, bila hati. Nikaomba nifikirie mpaka alasiri, nikalaza kichwa mezani, usingizi ukanichukua pamoja na wasiwasi wangu wote.

Nikajiona katika uwanja wa nchi nisiyoijua, ambako watu hupiga kura kwa mlolongo: mgombea husimama akitazama mbele, wanaomtaka hujipanga nyuma ya mgongo wake, na ni mwiko yeye kugeuka kabla ya hesabu. Nilikuwa mgombea. Nyuma yangu nilimsikia mwanamke aitwaye Mama Jasho akihema, nami nikajua amewashika mikono wanawe, Haki na Huruma. Upande wa kulia alisimama mpinzani wangu, Bwana Shibe, kitambi mbele, na mstari wake ulikuwa mrefu hadi ukapinda. Ndipo akaja mtu mtanashati aitwaye Ushawishi, akanishika kiwiko. "Mheshimiwa, wale wa mkiani kwa Shibe hawampendi sana. Sogea kidogo tu, wakuone, watahamia kwako." Nilikuwa na hofu, na maneno yake yalikuwa matamu, nikasogea.

"Mwanangu," Mama Jasho akaniita, "watazame wale walioketi kwenye nyasi. Hawako mstari wowote, maana hakuna aliyewaendea. Nenda ukawaite." Niliwaona pembeni, wengi ajabu, wamejifunika khanga na makoti kichwani kwa ukali wa jua. Nikamjibu, "Subiri kwanza, mama. Nikishinda nitawarudia." Nikasogea tena. Shibe, bila hata kunitupia jicho, akajivuta kulia zaidi, mstari wake ukamfuata, nami nikakimbilia nafasi iliyoachwa mkiani. Kila niliposogea, pumzi za watu nyuma yangu zilipungua. Nilitamani sana kugeuka, nikaogopa.

Mwishowe akatokea Bi Kweli, msimamizi wa uchaguzi, mwanamke mrefu asiyetabasamu, akihesabu watu kwa kuwagusa bega. Aliufuata mstari wa Shibe kutoka mbele hadi mkiani, akanifikia, akanigusa. "Na huyu wa mwisho," akasema.

"Mimi ni mgombea!" nikapiga kelele. "Nina watu wangu!"

"Geuka basi unionyeshe," akanijibu kwa upole. "Mimi humhesabu mtu pale aliposimama. Pale anapokusudia kurudi sipajui."

Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Mbali kule, Mama Jasho alikuwa akiketi kwenye nyasi pamoja na wale wengine, anajifunika khanga, wala hakunitazama. Nikalia kama mtoto.

Nilizinduka Mwambingu akinitikisa. "Ndugu Katibu, wajumbe wanangoja. Umeshakifuta?" Shati lilikuwa limelowa jasho. Nikaelewa tulichokuwa tumekosea tangu asubuhi: tulizungumza kutwa juu ya wapiga kura wa wenzetu, na hatukuwataja hata kidogo wale wasiompigia yeyote.

"Sijakifuta," nikasema, "na sikifuti."

"Na tukishindwa tena?"

Hilo nalo liliwezekana kabisa. "Sijui, Mwenyekiti. Ila uchaguzi uliopita, nilipogombea, mama yangu hakutoka nyumbani kupiga kura. Hakumpigia mpinzani wangu, na hakunipigia mimi mwanawe. Chukua koti lako, twende tukamuulize kwa nini."