Uzi wa Upande wa Mbele

Kwa wiki tatu mashine yetu ya kupima uimara ilivuta visahani vya gegedu, ile tishu laini ya viungoni, kutoka viungo vya mataya ya mbuzi, na kila kimoja kilichanika upesi kama karatasi iliyolowa. Profesa akasema mashine imekufa. Mimi ndiye fundi wa mashine hiyo.

Leo asubuhi nikampigia mwenye bucha, anayetutolea visahani hivyo na kukifunga kila kimoja uzi upande wa mbele ili tujue pa kukibana.

"Kaka, uzi bado unaufunga mbele?"

"Siku hizi pembeni, dada. Mbele panateleza."

Pembeni! Na hakusema! Nyuzinyuzi za kisahani hulala kutoka mbele kwenda nyuma. Sisi tulikuwa tunazivuta kwa upande, zinaachana bure.

Nikageuza kipande, nikakibana, nikawasha. Kikavutika, kikang'ang'ana, namba zikapanda hadi profesa akavua miwani.

"Kumbe mashine haijafa."

"Haijawahi hata kuugua," nikamjibu, nikapiga mwayo mkubwa.

Kiungo cha taya langu kikalia ka! Wiki tatu zote nilikuwa nikiuma meno kwa wasiwasi.