Pikipiki ya Wasike Ilivyopata Namba

Watu wa mtaa wa Langas walikuwa na majina mengi ya kumwita Wasike, na hakuna hata moja lililokuwa zuri. Lililoshika sana ni Injinia wa Masufuria, kwa sababu alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba sufuria zilizotoboka ili akaziyeyushe. Mkewe Kageha hakumwita chochote. Alimwekea chakula mlangoni pa kibanda cha mabati na kurudi zake ndani, na huo ndio ulikuwa mwisho wa mazungumzo yao siku nyingi.

Cheka ukitaka, lakini kwanza sikia alichokuwa akifanya humo kibandani. Kwa miaka saba, kila alipotoka kazini kupasua mbao, Wasike alikuwa akiunda pikipiki. Si kukarabati, kuunda. Fremu aliikunja mwenyewe kwa mabomba ya maji. Tangi lilikuwa debe la mafuta ya kupikia. Silinda aliimimina kwa zile sufuria pamoja na pistoni kuukuu. Ya kwanza ikapasuka, ya pili ikapasuka, ya nane ikakubali. Mbavu zake za kupooza joto alizipiga tupa moja moja mpaka vidole vikatoa damu. Siku injini ilipowaka, ikikohoa kama ng'ombe mgonjwa, alikaa chini kwenye vumbi la chuma akalia, wala hakuona aibu.

Aliyekuwa naye siku hiyo ni Mwalimu Kipkorir wa Soy. Mwalimu alikuwa amestaafu kufundisha hesabu, akageuza zizi lake kuwa karakana, ng'ombe wakalala nje. Yeye pia alikuwa na pikipiki yake ya kujiundia, ambayo haikuwahi kutembea hatua kumi. Wazee hawa wawili walipeana kila kitu, bolti, beringi, minyororo, na desturi yao ilikuwa moja: kipande kikitoka kwa mwenzako unapokea na kushukuru, huulizi kimetoka wapi. Kuuliza kungekuwa kama kumhesabia mgeni vijiko vya sukari.

Wasike alitaka kitu kimoja tu duniani, nacho ni karatasi. Alitaka logibuku, ile hati ya serikali ya kumiliki chombo, na pale penye nafasi ya mtengenezaji paandikwe Wasike. Alijaza fomu, jina lake akaliandika kwa herufi kubwa, akaisukuma pikipiki mpaka kwenye ukaguzi. Mkaguzi aliizunguka mara mbili, akapendezwa, hata akaipiga picha. Kisha akainama kutazama shingo ya fremu, pale usukani unapoingilia.

"Namba ya chesisi iko wapi?"

"Haina, mkubwa. Nimeitengeneza mimi mwenyewe."

"Bila namba hii si pikipiki, mzee. Hii ni mzigo ya vyuma."

Njia ya kuombea namba mpya ilikuwepo, ndefu na ya kuchosha. Wasike hakuiulizia. Alimpigia Mwalimu simu akiwa bado barabarani, akamweleza yote.

"Usijisumbue, ndugu yangu," Mwalimu akasema, na furaha yake ilisikika wazi. "Niko na shingo hapa kwa zizi. Nilitoa kwa mtu wa skrepu, hawa wa vyuma kuukuu. Namba yake inasomeka vizuri sana. Kata yako, weka hii."

Fundi yeyote wa kando ya barabara, hata mlevi, angejua kwamba namba haikai kwenye chuma bila mwenyewe. Hawa wawili hawakujua. Walikuwa wamekaa na vyuma miaka mingi mno, wakasahau kwamba kila chuma kiliwahi kuwa cha mtu. Wasike aliikata shingo aliyoichonga kwa miezi miwili, ikamuuma sana, akachomelea ile ya Mwalimu. Hakuuliza.

Akairudisha pikipiki kwenye ukaguzi, na namba ilipoingizwa kwenye kompyuta, kumbe ilikuwa inatafutwa. Pikipiki yenye namba ile iliibwa Burnt Forest miaka mitatu iliyopita, na mwendeshaji wake, kijana aitwaye Gichuru, akapatikana mtaroni amekufa. Kesho yake adhuhuri Wasike alikuwa kituo cha polisi, hana mshipi wala viatu, na pikipiki yake iko uani inanyeshewa.

Inspekta Amondi hakuwa mama mbaya. Alimketisha mbele ya kaunta, akasema naye polepole.

"Baba, hiyo kitu yako nimeiangalia. Hakuna mwizi anaweza kutengeneza injini kama ile. Mimi nakuamini. Niambie tu nani alikupea shingo. Tutaikata, ubaki na pikipiki yako, uende nyumbani leo. Hata barua ya kupeleka kwa usajili nitakuandikia."

Wasike alifungua mdomo. Jina lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

Lakini dirishani lango la kituo lilionekana, na langoni walijaa vijana wa bodaboda waliomsindikiza mjane wa Gichuru kutoka Burnt Forest. Walikuwa wakingurumisha pikipiki zao, na mmoja alikuwa amepakata dumu la petroli bila hata kulificha.

"Tupeeni jina!" walikuwa wakipiga kelele. "Jina tu, afande!"

Wasike alikuwepo mji huu Januari ile ya baada ya uchaguzi, makabila yalipochomeana nyumba. Hakuhitaji kuelezwa vijana wa Burnt Forest wangefanya nini na jina kama Kipkorir, kwa ajili ya marehemu mwenye jina kama Gichuru. Kabla ya jua kutua zizi la Soy lingekuwa majivu, na mzee yumo ndani.

Na mzee mwenyewe alikuwa hapo hapo. Alikuwa amemfuata na chupa ya chai ya maziwa, akakaa kwenye benchi ukutani, hatua nne kutoka kwa Wasike. Kila neno la inspekta alikuwa amelisikia. Wasike akamgeukia, akamngojea. Mwalimu angeweza kusema kwa sauti ya chini, hapo kaunta, kwamba shingo aliipata kwa mtu wa skrepu, na huenda mama huyu angejua namna ya kumlinda. Mwalimu alitazama viatu vyake. Kisha akakaza kifuniko cha chupa, ingawa kilikuwa kimekazwa tayari.

Wasike hakumkasirikia. Alijua hata yeye angeogopa. Lakini moyo ulimvunjika, na alijua hautaungika.

"Nilinunua," akasema.

"Ulinunua shingo?"

"Pikipiki yote, afande, vile iko. Kwa mtu simjui, barabara ya Kitale. Hiyo fomu niliandika uongo. Nilikuwa nataka tu karatasi."

Amondi aliweka kalamu chini. "Baba, ukisema hivyo umepatikana na mali ya wizi. Utaenda kortini. Na pikipiki inafuata namba, itakuwa ya huyu mama."

"Najua."

"Na injini ni nani alitengeneza?"

"Sijui, afande."

Akatia sahihi. Mwalimu aliinuka, akatoka bila kumuaga mtu. Vijana waliambiwa kwamba huyu ni mjinga tu aliyeuziwa barabarani. Wakatukana kidogo, kisha wakaanza kuondoka wawili wawili.

Mjane, aliyeitwa Naomi, alipelekwa uani kuitambua mali yake, na Wasike akasimamishwa kando na pingu mikononi. Naomi aliizunguka ile pikipiki kwa mashaka.

"Hii si ya bwanangu. Yake ilikuwa nyekundu."

Amondi akamwonyesha shingo. Naomi aliipapasa ile namba kwa kidole, tarakimu moja baada ya nyingine, kama mtu anayesoma barua aliyoisubiri. Hakulia. Kisha mkono wake ukashuka wenyewe mpaka kwenye injini, ukazigusa zile mbavu za silinda, ukakaa hapo.

"Na hii ni nani alifanya?" akamuuliza Wasike. "Huyu mtu ana mkono mzuri. Pengine ndiye anajua zile sehemu zingine za pikipiki ya bwanangu ziko wapi. Labda hata anajua nani alimuua. Tafadhali, mzee, sina mtu mwingine wa kuuliza. Unamjua?"

Wasike alimtazama yule mama kijana, akatazama mkono wake ulipokuwa.

"Simjui, mama," akasema.